Mtoto wangu aliumia wakati wa kuzaliwa: tunaweza kushtaki?

Swali: Wakili, naishi Umoja, Nairobi. Miezi kumi iliyopita, Jumamosi saa nane mchana, niliingia nasingi homu ya mtaani kujifungua mtoto wangu wa kwanza. Walinitundikia dripu ya kuongeza uchungu. Usiku mzima nilimwona nasi mmoja tu, na alikuja kuniangalia mara mbili. Saa kumi alfajiri nikaambiwa mtoto amechoka, tafuteni gari mwende hospitali ya serikali. Tulienda na teksi, mkononi tuna kikaratasi cha mistari miwili. Kule nilikaa kwenye korido mpaka nilipoingizwa thieta saa moja na nusu asubuhi. Mtoto hakulia. Alilazwa siku 16 kwenye kitengo cha watoto wachanga, na hadi leo hashiki shingo. Daktari ametuambia ni mtindio wa ubongo. Nasingi homu wanasema watatusamehe deni la Sh18,000 tukitia sahihi barua fulani. Kuna kijana nje ya hospitali anayesema atatutafutia wakili tukimpa asilimia 30. Mume wangu anataka twende polisi, mama mkwe anasema tumwachie Mungu. Je, tuna kesi? Tuanzie wapi? Mama Imani.

Jibu:

Mama Imani, pole sana. Pole kwa usiku ule, na pole kwa miezi hii kumi ya kumshika mtoto kichwa kila unapomwinua.

Nitakujibu kwa urefu, ila kuna jambo moja ambalo haliwezi kungoja. Umebakiwa na wiki chache. Kwa kawaida anayedai fidia kwa kuumizwa kwa uzembe ana miaka 3 ya kufika mahakamani, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22. Huo ndio muda ulio nao dhidi ya nasingi homu. Lakini hospitali ya serikali iko chini ya sheria nyingine, Sura ya 39, inayolinda mamlaka za umma, na hiyo inatoa miezi 12 tu tangu jambo lilipotokea. Hospitali za kaunti hapa Nairobi ziko chini ya Serikali ya Kaunti tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, na mawakili wa kaunti hukimbilia sheria hiyo kabla hata hawajagusa kosa lenyewe. Ukisikia mtu akikwambia kwamba kesi ya mtoto haina haraka kwa kuwa atashtaki mwenyewe akifika miaka 18, usimfuate. Nafuu ya umri imo katika sheria, lakini ina masharti, na mtoto anayelelewa na wazazi wake ndiye hasa masharti hayo yanayombana.

Baba mmoja aliwahi kuja ofisini kwangu na bahasha ya kaki iliyojaa kila kitu: picha, risiti, ripoti ya daktari bingwa, hata jina la nasi wa zamu. Faili nzuri kuliko nyingi nilizowahi kupokea. Ilikuwa mwezi wa 14 tangu jambo litokee, na mtu wa kushtakiwa alikuwa hospitali ya umma. Alikuwa ametumia mwaka mzima akiahidiwa na ofisi ya msimamizi wa hospitali kwamba "jambo linashughulikiwa". Bado naikumbuka ile bahasha. Kwa hiyo kesi yako dhidi ya kaunti lazima isajiliwe mahakamani kabla Imani hajatimiza mwaka mmoja. Kusajiliwa, si kukamilika. Ushahidi mwingine unaweza kufuata, muda uliopita haurudi.

Sasa tuje kwenye faili, kwa sababu kesi ya namna hii huishi au kufa humo. Kabla ya kwenda kugombana na mtu yeyote, kabla ya kwenda polisi, kabla ya kuandika chochote mtandaoni, pata nakala za kila karatasi iliyoandikwa juu yako na juu ya mtoto. Ni haki yako. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu binafsi zikihitajika kulinda haki yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako mwenyewe, na mzazi huitumia haki hiyo kwa niaba ya mtoto. Kanuni za 2021 zinampa anayeshika taarifa hizo siku 7 za kukujibu, bila kukutoza. Hospitali ya umma nayo inabanwa na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inataka jibu ndani ya siku 21. Wakikataa, Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko, na kwa taasisi za umma kuna Tume ya Haki ya Utawala.

Omba faili yako ya nasingi homu, faili yako ya hospitali ya serikali, na faili ya Imani ya zile siku 16. Watu husahau hii ya tatu, na mara nyingi ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kijitabu cha Mama na Mtoto ulichotumia kliniki kitafute leo, ukipige picha ukurasa kwa ukurasa, kisha ukifungie kabatini. Ndicho kinachoonyesha kwamba ujauzito wako ulikuwa salama: presha, damu, vipimo, wiki za mimba. Kile kikaratasi cha mistari miwili pia, kama bado unacho, kina thamani kubwa kuliko unavyodhani. Nitakueleza kwa nini.

Katika faili ya nasingi homu kuna karatasi moja ninayotaka uitafute kwa jina: patografu. Ni karatasi ya mirabamiraba. Juu kuna sehemu ya mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Uchungu ukishakolea, nasi anatakiwa ayasikilize kila nusu saa na kutia nukta. Katikati kuna njia ya uzazi, imefunguka sentimita ngapi, na mistari miwili ya mshazari, mmoja wa tahadhari na mwingine wa kuchukua hatua, iliyoachana kwa saa 4. Alama za mama zikivuka mstari wa kwanza, wahudumu wanatakiwa waanze kujiuliza maswali. Zikivuka wa pili, wanatakiwa wawe wameshaamua. Chini huandikwa nguvu za uchungu, matone ya dripu, presha na mapigo ya mama.

Kama uliyosema ni kweli, kwamba nasi alikuja mara mbili tangu jioni hadi saa kumi alfajiri, basi karatasi hiyo ama itakuwa na matundu, ama itakuwa imejazwa kupita kiasi. Niliwahi kuona moja ambayo nukta za moyo wa mtoto zilikaa 140 usiku kucha, mstari mnyoofu kama uliopigwa kwa rula, zote kwa wino uleule wa bluu na mkono uleule. Mtoto alitoka na alama 2 kati ya 10, zile anazopewa mtoto akizaliwa kuonyesha hali yake. Tulimwonyesha mkunga mstaafu. Aliitazama kidogo tu, akaiweka mezani na kusema, "Hii iliandikwa asubuhi." Moyo wa mtoto aliye njiani kuzaliwa hauendi hivyo, uchungu ukija huwa unabadilika. Na mama aliyetundikiwa dawa ya kuongeza uchungu anahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi kuliko mwingine, kwa sababu dripu ikizidi, tumbo la uzazi halipumziki na mtoto hapati nafasi ya kupata oksijeni ya kutosha kati ya uchungu mmoja na mwingine.

Wakikuambia faili imepotea, usiondoke na maneno ya mdomo. Waombe waandike kwamba imepotea, watie tarehe na muhuri. Mahakama huwa haipendezwi na hospitali iliyopoteza karatasi ambazo ilikuwa na wajibu wa kuzitunza. Na usiku huohuo wa leo, mtoto akilala, kaa na daftari uandike kila unachokumbuka, saa kwa saa: nani alisema nini, alivaa nini, simu ulizopiga. Mumeo naye aandike yake peke yake, bila kutazama yako. Teksi mliilipaje? Kama ni kwa M-Pesa, ujumbe ule una dakika kamili mlipofika. Nimeona ujumbe wa namna hiyo ukivunja maelezo ya hospitali kuhusu saa mgonjwa alipopokelewa.

Umeuliza kama una kesi. Kwa ulivyoeleza, naona dalili zake, na nitakuambia pia mahali ambapo itashambuliwa. Sheria haimwadhibu daktari kwa sababu matokeo ni mabaya. Kuna nyakati kondo huachia ghafla, au kitovu hutangulia, na mtoto huumia hata mbele ya daktari bora mjini. Kipimo kinachotumiwa na mahakama zetu kilitoka kwenye kesi ya Bolam iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1957: je, mhudumu huyu alifanya kama ambavyo mhudumu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani yake angefanya? Hatakiwi awe bingwa kuliko wote, anatakiwa tu asishuke chini ya kiwango cha wenzake.

Kwa nasingi homu, naona maswali mazito. Kwa nini walianzisha dripu mahali ambapo hapakuwa na uwezo wa kukufanyia upasuaji, na ni nani aliyeamua? Alikuwepo daktari au hakuwepo? Je, ulielezwa dripu ni ya nini na hatari zake? Kifungu cha 9 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinadai ridhaa yenye maelezo. Halafu ile safari. Kifungu cha 7 cha sheria hiyohiyo kinahesabu kumtuliza mgonjwa na kupanga rufaa kuwa sehemu ya matibabu ya dharura ambayo kila kituo kinapaswa kutoa. Kumwambia mama aliye katika uchungu, mtoto amechoka tumboni, "tafuteni gari" si kupanga rufaa. Ndiyo maana kile kikaratasi ni cha thamani. Kama hakina saa, hakina hali ya moyo wa mtoto, hakina jina la mtu aliyepigiwa simu upande wa pili, chenyewe ni ushahidi wa jinsi ulivyoachiliwa.

Kwa hospitali ya serikali, swali ni ile korido. Ulifika saa ngapi? Nani alikupokea na aliandika nini? Uamuzi wa kukupasua ulifanywa saa ngapi, na kutoka uamuzi hadi kisu zilipita dakika ngapi? Watasema thieta ilikuwa na mgonjwa mwingine, na pengine ni kweli. Msongamano una uzito mahakamani, lakini haujibu swali la kwa nini hakuna aliyekuangalia kwenye korido.

Utakachokiona ni hiki: nasingi homu itasema mtoto aliumia kwenye korido, na hospitali itasema mtoto alifika akiwa ameshaumia. Ukimshtaki mmoja, atamsukumia lawama yule asiyekuwepo. Ndiyo sababu wakili wako atataka wote wawili wawe kwenye kesi moja, na ndiyo sababu ile miezi 12 ndiyo inayotawala ratiba yako yote.

Sehemu ngumu kabisa, na nataka uijue mapema, ni kuunganisha kosa na dhara. Mtindio wa ubongo una sababu nyingi: kuzaliwa kabla ya wakati, maambukizi, manjano kali baada ya kuzaliwa, kasoro za kurithi. Kukosa hewa wakati wa kuzaliwa ni sababu mojawapo tu. Mawakili wa upande wa pili watazitaja zote. Jibu liko kwenye ile faili ya siku 16. Alama za mtoto dakika ya kwanza na ya tano zilikuwa ngapi? Alisaidiwa kupumua kwa muda gani? Alipata degedege siku ya kwanza au ya pili? Aliweza kunyonya? Figo na ini vilikuwaje? Alipigwa picha ya ubongo? Mtoto aliyeumia kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa kwa kawaida huonyesha hivyo siku zilezile za mwanzo. Kama moyo wake ulisikika vizuri Jumamosi mchana ulipopokelewa, na Jumapili asubuhi akatoka akiwa mlegevu bila kulia, kisha degedege ikafuata, hapo daktari bingwa anaweza kusimama mbele ya hakimu na kuonyesha mahali ambapo mambo yaliharibika.

Huyo daktari bingwa ndiye utakayemhitaji kuliko mtu yeyote, na ndiye gharama yako kubwa. Hakimu hakusomea udaktari. Bila mtaalamu wa uzazi wa kusoma patografu, na mtaalamu wa watoto wa kusoma faili ya Imani, kesi nyingi huanguka hata kama kila mtu kortini anamwonea mtoto huruma. Kuna makosa yanayojieleza yenyewe, kama kitambaa kilichosahauliwa tumboni baada ya upasuaji. La kwako si la aina hiyo. Wataalamu wa Nairobi wanajuana, walisoma pamoja na hukutana kwenye wodi zilezile, kwa hiyo wengine watakataa kumtolea mwenzao ushahidi. Wakili mwenye uzoefu wa kesi hizi anawajua wanaokubali: wahadhiri, wastaafu, wengine kutoka miji mingine. Muulize wakili kabla hujamlipa: umewahi kuendesha kesi ya uzazi, na mtaalamu wako alikuwa nani?

Mkiwa mnakusanya hayo, peleka pia malalamiko kwenye Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, barabara ya Woodlands, kando ya Lenana. Linasimamia madaktari na vituo vyenyewe, ile nasingi homu ikiwamo. Nasi ana baraza lake, Baraza la Wauguzi, na afisa wa kliniki ana lake. Huhitaji wakili kulalamika. Eleza kwa mpangilio, ambatisha nakala, usipeleke karatasi halisi hata moja. Baraza linaweza kumwita daktari ajieleze, kumwonya, kusimamisha leseni au kuifuta. Kuamua fidia ya maisha ya Imani ni kazi ya mahakama, lakini faida yake kwako ni kwamba hospitali itadaiwa majibu ya maandishi, na uamuzi wa baraza unaweza kutumika kama ushahidi. Ila nakuomba uliweke hili akilini: malalamiko kwenye baraza hayasimamishi saa ya mahakama. Yaende sambamba.

Barua ya nasingi homu msiitie sahihi. Sh18,000 kwa mtoto atakayehitaji mazoezi ya viungo kila wiki kwa miaka mingi? Hata kesi ikishakuwa mahakamani, mzazi hawezi kufanya maelewano kwa niaba ya mtoto bila idhini ya mahakama, sheria iliona mbali hapo. Mkiulizwa, semeni mnaitaka barua hiyo mkaisome nyumbani. Wakiwapa nakala, mmepata karatasi nyingine ya faili. Deni lisiwatishe pia. Mwaka 2015 Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamua kwamba kuwafungia wodini akina mama kwa sababu ya bili ni kuvunja haki zao, na kwa msingi huohuo wa haki sioni jinsi deni lingewapa ruhusa ya kukunyima taarifa zako.

Kijana wa asilimia 30, mwachieni njia yake. Sheria ya Mawakili inakataza makubaliano ya wakili kulipwa kwa sharti la kushinda tu, na wakili anayenunua wateja getini anaanza kazi yenu kwa kuvunja sheria. Jina la wakili yeyote unaweza kuliangalia kwenye orodha ya Chama cha Wanasheria, LSK, uone kama ana cheti cha mwaka huu. Kama fedha hakuna, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilianzisha huduma ya taifa ya msaada wa kisheria, na hapa Nairobi Kituo Cha Sheria na FIDA Kenya wamewasikiliza akina mama kama wewe kwa miaka mingi. Nenda na nakala, nenda mapema asubuhi, waambie siku ya kwanza kwamba muda unaisha tarehe fulani. Tarehe hiyo iandike juu ya bahasha kwa kalamu nyekundu.

Polisi? Kanuni ya Adhabu inataja matibabu ya kizembe kama kosa, lakini kesi ya jinai inahitaji ushahidi mzito zaidi na huwa haimpi mtoto kiti cha magurudumu. Singeanzia huko. Mama mkwe naye mheshimu. Kumwachia Mungu na kudai karatasi havigombani, mwambie hivyo kwa upole.

Kesi itasajiliwa kwa jina la Imani, wewe ukisimama kwa niaba yake. Hakimu Mkuu, kwa mfano pale Milimani, ana uwezo wa kusikiliza madai ya hadi Sh20 milioni. Yakizidi hapo ni Mahakama Kuu. Usikubali wakili akuchagulie mahakama kwa urahisi wake kabla gharama za maisha ya mtoto hazijapigwa hesabu. Daktari wa neva za watoto na mtaalamu wa mazoezi ya viungo waandike ripoti: atahitaji mazoezi mangapi kwa mwezi, kiti gani, dawa gani, mtu wa kumhudumia akikua. Gharama ambayo haikutajwa kwenye madai mahakama haiipi, na iliyokwisha kutumika hudaiwa kwa risiti. Kwa hiyo nepi, nauli ya kwenda kliniki, dawa za degedege, mshahara wa dada wa nyumbani uliyemwajiri ili umpeleke mtoto mazoezini, kila kitu kiwe na karatasi. Risiti za duka hufifia, zipige picha siku hiyohiyo.

Itachukua miaka. Mwanamke aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya Bungoma mwaka 2013, akatukanwa na kupigwa, alipata hukumu Machi 2018: Sh2.5 milioni. Yeye alikwenda kwa njia ya ombi la kikatiba, akidai utu wake, na njia hiyo wakili wako anaweza kuifikiria kwa ajili yako wewe mwenyewe, kando na madai ya mtoto. Ukishindwa, kwa kawaida hubeba gharama za upande wa pili, na hilo ulijadili na wakili kabla ya kusajili. Ukiishinda kaunti, huwezi kutuma madalali wakachukue magari yake, maana sheria inalinda mali ya serikali. Hupewa cheti cha deni, na wasipolipa unarudi mahakamani kuomba amri ya kuwalazimisha. Mara nyingi nasingi homu au bima yake ndiyo hulipa kwanza. Usuluhishi nao upo, mahakama za Milimani zilianza kupeleka kesi huko mwaka 2016, na kwa mtoto anayehitaji fedha za matibabu sasa, maelewano mazuri ya mwaka huu yanaweza kumfaa kuliko hukumu kubwa ya miaka saba ijayo.

Na huyo nasi wa usiku ule. Najua unamkumbuka uso wake. Yawezekana alikuwa peke yake na akina mama sita. Sheria inamfuata mwajiri kwa makosa ya mfanyakazi wake kazini, kwa hiyo huhitaji kumchukia yeye ili Imani apate haki. Aliyeamua kwamba mtu mmoja anatosha usiku mzima ndiye ninayetaka ajibu.

Mazoezi ya mtoto yasingoje kesi. APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, wana kituo barabara ya Waiyaki, na hospitali kubwa za umma zina vitengo vya mazoezi. Msajili Imani pia kwenye Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu.

Barua ya kwanza unaweza kuiandika mwenyewe, leo, kwa Kiswahili. Ni lugha rasmi ya nchi hii kwa kifungu cha 7 cha Katiba. Chapisha nakala mbili kwa kila hospitali, waigongee muhuri wa kupokea ile unayobaki nayo:

"Kwa Msimamizi wa Hospitali. Mimi, mwenye kitambulisho nambari ..., nilipokea huduma ya kujifungua hapa tarehe ... Naomba nakala kamili za faili yangu na ya mtoto wangu, zikiwemo patografu, kadi ya dawa, maandishi ya wauguzi na madaktari, fomu za ridhaa, daftari la wagonjwa waliopokelewa na waliopewa rufaa kwa sehemu inayonihusu, na rekodi zote za kitengo cha watoto wachanga. Naomba kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Naomba pia rekodi halisi zihifadhiwe bila kubadilishwa. Nimeambatisha nakala ya kitambulisho changu na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Nitakuja kuzichukua tarehe ..."

Pale penye tarehe ya mwisho, hesabu siku 7 tangu siku ya muhuri. Siku hiyo usiende peke yako. Nenda na mumeo, na kitambulisho halisi mkononi.